Haramia Mkubwa wa Mirdif

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nimesimama, pasi mkononi. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja ya Waarabu huko Mirdif, nyumba yenye vyoo vingi kuliko watu, na madam alikuwa ameniahidi likizo shule zikifungwa. Likizo ile niliitaka kwa sababu moja tu. Mama, kule nyumbani Kenya, macho yalikuwa yanamzimika polepole, na daktari alishamwambia kinachopotea hakirudi. Kila nikipiga simu ananiambia, "Kuja nikuone kama bado naweza." Wala hakuwa anatania.

Katikati ya kungoja huko, binti wa nyumba ile, wa miaka minane, akaja na kazi ya shule. Kila mtoto achague mwanamke wa zamani, avae kama yeye na amweleze mbele ya wazazi. Wenzake walichagua malkia na madaktari. Wangu akachagua wanawake walioteka meli. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, madam hana nafasi, sasa nani mwingine wa kusoma? Nikawa namsomea huku nakunja nguo.

Wanawake wale walinikolea. Kulikuwa na wawili waliovaa suruali wakapigana juu ya meli huku wanaume wao wamejificha chini, wamelewa. Walipohukumiwa kunyongwa wakasema wana mimba, na kamba ikabidi isubiri. Lakini niliyempenda hasa ni mjane mmoja wa Uchina. Alirithi meli za mumewe, akazitawala mpaka serikali ikashindwa naye, na alipoona sasa basi, akaenda mwenyewe kwa gavana, bila silaha, amefuatana na wanawake na watoto, akaomba kuacha. Wakamkubalia. Akafa mzee, nje ya vita. Ukurasa ule niliurudia kuliko mtoto alivyouhitaji. Mwanamke kaomba aondoke, kaondoka! Mimi pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la madam, na funguo anazo yeye.

Siku moja mtoto akauliza, watu hawa kwa Kiswahili mnawaitaje? Nikamwambia bila kuwaza, "Haramia." Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nilidhani amefurahia sauti ya neno tu. Kwetu bara neno lile tulikuwa tunalisikia redioni, maharamia wameteka meli karibu na Somalia, basi. Lilikotoka sikujua, na sikuwahi kuwa na haja ya kujua. Nikamshonea koti kwa abaya kuukuu, nikamfunga kitambaa kichwani, naye akawa anapanda na kushuka ngazi na upanga wa karatasi, anapiga kelele, "Mimi haramia! Wewe haramia mkubwa!"

"Ndiyo, mimi haramia mkubwa," namjibu, huku nasugua ngazi hizo hizo.

Ijumaa moja bibi yake akaja kula chakula cha mchana. Naingia na sinia la wali, mtoto akaninyooshea upanga, akatangaza jambo kwa Kiarabu, na neno langu limo ndani. Bibi akanitazama mikono. Madam akaniuliza kwa Kiingereza kama ni kweli nimesema hivyo mimi mwenyewe.

"Yes, madam," nikasema, tena kwa tabasamu. "Mimi na mtoto, wote wawili."

Kufika jioni godoro langu lilikuwa limesimamishwa ukutani na nguo zangu ziko chini. Madam alikagua dhahabu yake yote. Hakikukosekana hata kijiko, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, maana sasa hakujua nimeiba nini.

"Likizo khalas, imekwisha," akaniambia. "Mpaka nijue."

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani. Tulikutana nje kwenye pipa la taka, nikamweleza. Alicheka kwanza, halafu akauona uso wangu.

"Shoga, kwa Kiarabu haramiya ni mwizi. Umewaambia watu wazima, na wali mkononi, kwamba wewe ni mwizi mkubwa!"

"Ai! Na si wameniona nikicheza na mtoto?"

"Wamekuona. Yalla, nenda kaeleze."

Nilieleza. Madam alinisikiliza huku anaangalia simu. Aliyeaminiwa ni mtoto, siku aliposimama shuleni na koti lake akasimulia habari za yule mjane wa Uchina, na mwisho akasema watu hao kwa Kiswahili huitwa haramia, na aliyemfundisha ni mimi. Madam alirudi anafuta machozi ya kicheko. Akaniletea keki, akanikumbatia, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Akasema mwalimu amesifu sana, na kwamba nimemlea binti yake vizuri. Nikaona nafasi ni hiyo hiyo, nikauliza likizo.

"Sasa nitakuachaje uende?" akasema. "Mtoto hawezi kukaa bila wewe. Baada ya Idi, inshallah."

Nilipokuwa mwizi sikustahili kwenda. Nilipotakata, nikawa mzuri mno wa kuachwa. Nilikasirika hadi nikala ile keki yote peke yangu, jikoni, bila kuusikia utamu wake.

Idi ikapita, ikaja nyingine. Nilifika nyumbani wakati wa mvua. Mwanamke jirani, rika langu, alikuja kunipokea barabarani, akanisaidia begi, tukaingia uani pamoja. Mama alikuwa mlangoni na gauni lake la kanisani, uso ameuinua. Akaja akipapasa, akamshika yule jirani mashavu kwa mikono miwili.

"Umekonda, mwanangu," akamwambia.

Jirani akanitazama.

"Mama," nikasema, "niko huku."