Mraba wa Mwenye Ng'ombe

Kwa miaka kumi na minne Mektilda alichora njia za taarifa: mraba kwa anayeitoa, duara kwa kazi inayofanyika, mistari miwili sambamba mahali kumbukumbu zinapolala, na mishale ya kuviunganisha. Ofisini kwao Bariadi alisifiwa kwamba mchoro wake haufutwi. Siku Nyanjige, mjane kutoka kijiji cha Mwandoya, aliposimama mlangoni pake, sifa hiyo iligeuka shubiri.

"Mwanangu, ng'ombe wangu watatu wamevalishwa hereni za namba, na namba zimeandikwa kwa jina la Maige anayenifugia. Wanawe wameshauza mmoja."

Mektilda akafungua mchoro wa usajili wa mifugo. Mraba ulikuwa mmoja tu: Mfugaji. Aliuchora mwenyewe, baada ya kupita boma kwa boma akiuliza, "Hawa ni wa nani?" na kujibiwa, "Wangu." Yeye, binti wa Kisukuma, ambaye baba yake aliwatawanya ng'ombe kwa marafiki wamfugie, alilipokea jibu hilo kama mgeni! Elimu gani hii, inayomfuta mwenye mali kwa kalamu safi?

"Mfumo umeshapokelewa," alisema Fredrick, mkuu wake. "Mama huyo aende mahakamani."

"Akakute mchoro wangu ndio shahidi dhidi yake?"

"Kumbe siku hizi wewe ni wakili!"

"Saini iliyopo hapa ni ya nani, bosi? Si yangu?"

Kesho yake alipanda basi na Nyanjige. Walimkuta Maige kitandani, taabani, wanawe wawili wamesimama kichwani pake.

"Baba, uliniambia ni wako," Mektilda alisema. "Kweli ni wa nani?"

"Uliniuliza mbele ya watu." Mzee alikohoa. "Ng'ombe wa rafiki hatangazwi, mwanangu. Leo umeuliza vizuri. Andika: ni wa Nyanjige."

"Wote watatu?" mjane aliuliza.

Maige aliugeuzia uso ukuta. Wanawe wakainamisha vichwa.

Mektilda alichora papo hapo, karatasi juu ya goti: mraba wa Mmiliki, mraba wa Mtunzaji, kila mmoja na mshale wake kuelekea usajili. Kisha akaandika maneno ya mzee, naye akatia dole gumba, wanawe wakishuhudia. Wawili waliobaki wangesajiliwa upya. Wa tatu aliuzwa kwa hati halali, mnunuzi hajulikani alikompeleka.

"Huyo, mayu, mama yangu, nimekupotezea mimi," Mektilda alisema.

"Alikuwa na mimba," Nyanjige alijibu, akaenda kuwafungulia wawili.