Kitanda cha Pili kwa Shangazi

Harufu ya nta ya sakafu, hapa Lidcombe, Sydney, ninakofanya kazi ya kutunza wazee, hunirudisha kwenye kijiji kimoja kidogo cha Ujerumani nilikokwenda nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki, na dada yake, shangazi yangu aliyeolewa huko, alitualika mama na mimi kutoka Tanga tukapumzike wakati wa kiangazi. Kijiji kilikuwa na barabara moja, bata bukini, nyumba za matofali mekundu, na makumbusho matatu, yote ya mchoraji mmoja aliyekufa zamani. Shangazi alikuwa akipiga deki katika nyumba ya mchoraji huyo. Kofia ya mchoraji bado ilining'inia ukutani, brashi zake zimefungiwa ndani ya kabati la kioo, na wageni walipita wakinong'ona kana kwamba mwenyewe amelala chumba cha pili. Sikukiamini kijiji kile hata siku moja.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona mawingu mapema. Kwa shangazi palikuwa na kitanda kidogo kipya, ingawa hakuwa na mtoto. Kabatini palikuwa na koti zito la baridi la kimo changu, na sisi tulitakiwa kuondoka kabla majani hayajapukutika. Mwalimu mmoja alikuja kunywa kahawa, akanipa kitabu cha herufi, akanipapasa kichwa. Nikawa simwachi mama hata akienda msalani. "Wifi," shangazi alimwambia akicheka, "huyu mwanao anakulinda kama polisi."

Siku moja shangazi alinionyesha picha ya msichana aliyeshika jagi la maziwa. Nikamuuliza kama alikuwa mtu wa pale. Akasema hapana, aliletwa kutoka mbali kumtumikia mchoraji, na kaburi lake liko nyuma ya kanisa. Nilitoka mbio hadi kwenye benchi alipokaa mama.

"Mama, unaniacha huku?"

"Nilikuja kukuacha, mwanangu. Usome. Wiki mbili najaribu kukuambia, nashindwa."

Shangazi alikasirika. Alimwambia mama kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwamba nikikua nitamlaumu. Tulirudi Tanga wote wawili, na shule sikufika nayo mbali. Sikumlaumu.

Mama alifariki mwezi uliopita. Mazishi yake niliyatazama kwenye simu. Tangu siku hiyo najipima naye, na mizani haielemei upande wangu. Nilipokuja Sydney nilimwachia binti yangu Neema, mwenye miaka sita. Neema aliponiuliza mlangoni ninakwenda wapi, nilimwambia sokoni, nikamuuliza nimletee nini. Ikapita miaka minne. Sasa tunaishi pamoja, ana miaka kumi na saba, Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza. Nikisema natoka kidogo, hajibu kwa lugha yoyote; huinuka kwanza kuangalia ukubwa wa begi nililobeba.