Lurleen na Pipa la Kushoto

Deacon alikuwa farasi wa miaka kumi na minne, na kwa miaka kumi kati ya hiyo aliamini jambo moja tu: pipa la kwanza ni la kulia. Mengine yote, radi, chanjo, fataki za sikukuu ya Julai, aliyaona ni porojo.

Aliyemtia imani hiyo ni Lurleen Tackett, mpishi mstaafu wa shule, mwenye miaka sitini na mmoja, ambaye yeye mwenyewe alianza kuzunguka mapipa akiwa na miaka tisa. Mchezo wenyewe hauna falsafa. Mapipa matatu yamepangwa pembetatu. Unaingia mbio na farasi wako, unalizunguka la kwanza kwa kukata kulia, mawili yaliyobaki kwa kukata kushoto, kisha unatoka kama aliyesahau chungu motoni. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde tano, na kanisani utasikia habari zake mwaka mzima.

Mwezi wa Machi daktari wa mifugo aliuinua mguu wa nyuma wa kushoto wa Deacon, akaukunja, akauachia, akavua kofia. Oklahoma hii daktari wa mifugo akivua kofia, watu huanza kutafuta koleo la kuchimbia kaburi.

"Kifundo kimechoka," alisema. "Akikata kushoto, uzito wote unalala hapa. Na wewe unamkatisha kushoto mara mbili kila mbio."

"Kwa hiyo?"

"Mstaafishe. Au mgeuze. Aanze na pipa la kushoto, ili akate kushoto mara moja, kulia mara mbili. Mguu wa kulia bado ni wa kijana."

"Unaweza kumgeuza farasi wa umri huu?"

"Mama, mimi nimeanza na neno mstaafishe. Wewe ndiye uliyeruka ukadaka la pili."

Lurleen alilidaka kwa sababu alijijua. Magoti ya kuanza upya na mwanafarasi hakuwa nayo tena. Jioni ile, mbele ya maharage na mkate wa mahindi, alimwambia mumewe bila kuzunguka: "Orval, Deacon akiachwa malishoni, na mimi nimeachwa malishoni."

"Malisho yetu si mabaya," Orval akasema, na akajuta wiki nzima.

Hivyo Orval akawa mwalimu msaidizi. Kila asubuhi alimshika Deacon kamba, akajaza mfuko wa shati peremende, wakaenda kwa miguu, polepole, hadi pipa la kushoto. Wakishalizunguka, anasimama, anasema "Vema," anatoa peremende moja. Deacon aliila peremende, akalitazama pipa la kulia, kisha akamtazama Orval kwa huruma. Siku ya nne alimburuta Orval hadi pipa la kulia na kusimama hapo, mdomo wazi, akisubiri haki yake.

Nadine Crump, rafiki wa Lurleen na mpinzani wake wa miaka thelathini, alikuja kuegemea uzio.

"Shoga, farasi anafuata kiuno," alisema. "Chako bado kinaenda kulia. Unamsumbua bure mnyama wa watu."

Maneno yalimkera Lurleen kwa kuwa yalikuwa kweli. Akaanza kujitibu. Mchuzi aliukoroga kinyume. Dukani aliingilia mlango wa kutokea. Jumapili ya ushirika, safu nzima ilipokata kulia kurudi vitini kama ilivyofanya tangu kanisa lijengwe, yeye alikata kushoto, akagongana na shemasi na vikombe vyake vyote. Mchungaji akamvuta Orval pembeni kumuuliza kama nyumbani kuna ugonjwa.

"Hapana," Orval akasema. "Yuko mazoezini."

Julai ilipoisha Deacon alikuwa ameongoka, na mwongofu mpya hana kiasi. Alikwenda kushoto hata kwenye hori la maji. Zizi lake lilikuwa mkono wa kulia, basi akakataa kuligeukia. Kila jioni alilipita, kisha akaingia kinyumenyume, taratibu, kwa heshima zake.

Siku ya maonyesho ya kaunti Lurleen hakuvunja mwiko hata mmoja wa wapanda farasi. Hakuvaa njano. Hakula kuku. Orval alikatazwa kuweka kofia kitandani. Lurleen alipoitwa jina, Deacon aliruka langoni kama jiwe la manati, vumbi likapanda, watu wakapiga kelele, na miaka hamsini na miwili ikaamka kiunoni mwa Lurleen. Kiuno kikaenda kulia. Farasi akaenda kushoto. Lurleen akabaki katikati, na katikati hapakuwa na tandiko.

Akiwa ameketi mchangani alimwona Deacon akilizunguka la kwanza, safi. Akavuka, akakata kulia, safi. La tatu hakuligusa. Akatoka mbio na vikuku vya tandiko vikipigapiga ubavuni, akasimama mbele ya Orval na kuingiza pua mfukoni.

Mtangazaji aliisoma saa. "Sekunde kumi na saba nukta nane," akasema. "Farasi amefika. Mpanda farasi tunamsubiri."

Uwanja mzima ulisimama. Lurleen alicheka hadi akalia, na katikati ya machozi akashikwa na hofu: yule mnyama ana kazi yake bado, asiye na kazi ni yeye.

"Nilikwambia kiuno," Nadine alisema, akiwa amemwinamia.

"Niinue kwanza, ndipo unicheke."

Asubuhi iliyofuata Orval hakumkuta mkewe kitandani. Alimkuta uwanjani, bila farasi, buti miguuni, ubavu mmoja umevimba. Alikuwa amejifunga kamba ya Deacon kwenye mkanda, na ncha yake amemnyooshea mumewe.

"Tuna wiki tano kabla ya mashindano ya Septemba," alisema. "Polepole. Na usinionee huruma."

Orval akaishika kamba. Wakaenda. Mbele ya pipa la kushoto mwili wa Lurleen uliegemea kulia. Orval akavuta kidogo tu, kama anavyovuta siku zote, na yeye akafuata. Walipomaliza kulizunguka Orval akasimama, akatoa peremende, akaimenya karatasi.

"Vema," alisema.

Kwenye uzio Deacon alipiga kelele, maana peremende ile ilikuwa yake. Lurleen akaitia mdomoni, akashika kamba vizuri kiunoni, na kuelekea pipa la pili.