Bafle ya Kubeba Mukononi

Bafle yangu ya muziki, ya kubeba mukononi, leo imeshinda banaume batatu 😂

Mi niko muchimbaji. Kwetu Mutoshi, jiwe ya muzuri tunaijua na uzito wake.

Basi pa soko, nikitafuta batri ya bafle, mama muuza batri akanionyesha mbili. Nikazipima mu mikono kama mawe, nikakamata yenye uzito.

«Tata, ile ni ya kuwasha kamyo ya mizigo.»

«Ndiyo ile ninataka, mama!»

Nikaifunga mu sanduku ya mbao na spika mbili. Sauti? Weee!

Kisha dada yangu Béa, mwenye fete ya kuzaliwa, akakuya na bandugu babili kuichukua. Banaume batatu tukanyanyua. Mushikio ukang'oka, bafle haikutikisika.

Béa akaniangalia, akavua viatu.

«Mulete viti. Fete iko hapa.»

Saa hii kila mutu anacheza mu lupango ya nyumba yangu. Mukuye!

Ila mwenye anataka kuazima bafle, akuye na kamyo.