Kaseti Niliyoipeleka Djibouti

Nimekosa, jamani, na wala simsingizii shetani. Shetani hakwenda chuo kikuu. Mimi nilikwenda, nikatoka na shahada ya Kifaransa, na kwa shahada hiyo nikamharibia kakangu kitu nisichoweza kukirudisha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nyumbani Kuze, mtaa wetu wa kisiwani, kazi sina, ila wasiwasi ninao wa kunitosha mimi na jirani. Kakangu alikuwa akifanya kazi bandarini Djibouti. Mkewe alifariki, na binti yao, Rukia, tukabaki naye mimi na mamangu tangu akiwa na miaka miwili. Alipotimiza sita, kaka akaleta barua: "Mfundisheni Kifaransa kidogo, shule za huku ndiyo lugha yake. Akiweza, nirekodieni akiimba, nisikie. Nitatuma tiketi."

Kazi rahisi! Mtu mwingine angemwimbisha mtoto, akanywa chai yake. Mimi nikachora ratiba kwa kalamu za rangi nne. Jumatatu nyimbo za rangi. Jumanne kuchora. Jumatano kuimba huku tukichora. Alhamisi tathmini. Tathmini! Ya mtoto asiye na meno ya mbele!

Na Rukia alipenda, msidhani. Alichora jua la kijani, brashi ikaendelea hadi ukutani. Wimbo wa rangi niliomfundisha akautia mahadhi ya kasida za madrasa, akipiga kopo la maziwa, "rouge" na "bleu" zikipanda na kushuka kama maulidini. Mamangu jikoni akawa aitikia.

Mimi nikaona balaa. Je, lafudhi ikiharibika? Je, mwalimu wa huko akicheka? Je, kaka akisema nilisomeshwa bure? Nikamnyang'anya kopo. Jua nikalipaka njano mwenyewe, lifanane na jua.

"Mbona wamzuia mtoto?" mamangu akauliza. "Si yuaimba?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Haya, mtaalamu."

Siku ya kurekodi, Rukia aliimba alivyotaka: mahadhi yake, na kopo lake, alikolitoa sijui. Nikaisikiliza kaseti mara kumi na moja. Kisha nikajifungia chumbani, nikaegemeza godoro mlangoni, nikabana pua, nikaimba mwenyewe kwa sauti ya kitoto. Nikarekodi juu ya ile ya Rukia. Kaseti ilikuwa moja tu, na msomi mzima sikuona haja ya kwenda dukani kununua ya pili.

Nikaituma hiyo hiyo, na baada ya wiki chache kaka akapiga simu kwa jirani mwenye duka, maana kwetu hatukuwa na simu.

"Mashallah! Mwanangu yuaimba kama aliyezaliwa huku! Tiketi naituma!"

Hapo ndipo ningesema. Nikafikiria njia saba za kusema, nikazipima moja moja, na laini ikakatika.

Rukia akapelekwa na jamaa yetu aliyekuwa akisafiri. Shuleni akawa kimya. Kila akitaka kufungua mdomo, hutazama kwanza kama kuna wa kumsahihisha. Hiyo nayo kazi ya mikono yangu, nipigieni makofi. Baba yake, ili amtie moyo, akamwekea kaseti.

"Imba kama hapa, mama."

Rukia akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo shangazi."

Simu ikaja tena dukani. Nilijiandaa kwa matusi. Kwa matusi majibu nilikuwa nayo. Hakutukana.

"Hii kaseti nimeisikiliza kila nikitoka kazini," akasema. "Miezi mitatu. Nalia. Kumbe namlilia mtu mzima?"

Mwenye duka akapunguza redio, apate kusikia vizuri.

"Nisamehe, kaka."

"Ile ya kweli iko wapi? Nitumie hiyo."

"Niliifuta."

Kisha akauliza, polepole: "Alikuwa akiimbaje? Huku haimbi."

Na mimi, wallahi, mbele ya watu waliokuja kununua sukari, nikaanza kumwimbia yale mahadhi, vidole vikipiga meza ya duka.

"Basi," akasema. "Basi, dada. Usiimbe."

Siku hizi nafundisha Kifaransa katika shule moja hapa kisiwani, nasifiwa kwa lafudhi. Kaka akipiga simu huzungumza na mamangu. Akiulizwa kama ataka kunisalimu, husema laini mbovu.

Basi nyinyi wazazi, walimu, na hasa nyinyi mashangazi wenye shahada, nawaomba: mtoto akiimba kwa njia yake, nyamaza usikilize. Ukishindwa kunyamaza, toka nje ukanunue mkate. Na usirudi upesi.