Mkutano wa Itaka na Mibuni ya Babu

Mwaka niliomaliza darasa la saba, bei ya kahawa ilikuwa imeanguka mpaka watu wengine wa kijiji chetu cha Itaka wakawa wanang'oa mibuni na kuifanya kuni. Nyumbani kwetu jambo hilo lilizungumzwa kila jioni. Babu alitaka mibuni yote ikatwe, vibaki visiki vifupi vichipue upya, na maana yake ni kukaa misimu miwili bila kuvuna hata punje. Bibi alitaka yote ing'olewe tupande maharage, kwa sababu maharage yanaliwa hata yasiponunuliwa. Mimi niliyekuwa nikiishi nao nilitaka tu wasiniulize.

Ndipo akaja mgombea mmoja kuhutubia kwenye uwanja wa shule, spika zimefungwa juu ya gari. Babu na bibi walijua Kiswahili cha gulioni, lakini Kiswahili cha mikutano kiliwashinda. Wakanikalisha katikati yao niwatafsirie kwa Kinyiha. Kazi hiyo niliipenda, maana ni ya kunong'ona na hakuna anayekuangalia.

Yule bwana aliongea vizuri. Alisema kahawa ndiyo mkombozi wa wilaya yetu ya Mbozi. Kisha akasema, "Suala la mnunuzi wa uhakika tumelipokea, tunalitambua, na sasa hivi liko kwenye mchakato!"

Watu wakapiga makofi. Babu naye akapiga, kabla sijamtafsiria.

"Kasema nini?" bibi akauliza.

Nilitafuta neno la mchakato, sikulipata. Nikasema, "Kasema jambo la mnunuzi linatembea."

"Linatembea kwenda wapi?"

"Hakusema."

"Limefika wapi sasa?"

"Bibi, hakusema."

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania, "wewe ndiye umelala au yeye ndiye kalala?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Tuliporudi nyumbani babu alikwenda moja kwa moja kuchukua msumeno, akakaa mlangoni kuunoa.

"Mnunuzi anakuja," akasema. "Nimesikia mwenyewe."

"Umesikia makofi," bibi akamjibu.

"Basi tumuulize mtafsiri." Babu akanigeukia. "Alisema anamleta au hakusema?"

Nilitamani niende kuchota maji. Niliona kwamba nikijibu ovyo shamba zima litakatwa au kung'olewa kwa sababu ya mdomo wangu. Nikarudia hotuba kichwani, pole pole, kama ninavyofanya mpaka leo nikitaka kuandika sentensi moja.

"Babu, alisema wamelipokea. Kuleta sikusikia."

"Kupokea si ndiyo kukubali?"

Bibi akaacha kupepeta mahindi. "Baba watoto, wale wa Nanyala waliokuja kumposa binti yetu uliwaambiaje?"

Babu akapitisha kidole kwenye meno ya msumeno. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niliwaambia tumefurahi, neno lao tumelipokea, tutakaa na ukoo."

"Mkakaa?"

"Nani akae kwa ajili ya yule mlevi!"

"Na waliondoka wanakushukuru. Na jogoo wangu walikuwa wamemla."

Babu alicheka mpaka msumeno ukamponyoka. "Kumbe leo nimeposa mimi!" akasema. "Nimeposa, nimekataliwa, na makofi nimepiga!"

Nilidhani atamkasirikia yule bwana, lakini hakukasirika. Alisema ni mtu mwenye adabu, maana mbele ya umati ule angesemaje kwamba mnunuzi hana? Yeye mwenyewe aliwaambia wale wa Nanyala vile ili warudi kwao bila aibu. Tangu siku ile mimi pia hotuba hazinichukizi. Nasikiliza kama ametajwa mtu na siku ya kuja. Visipotajwa, najua tumeagwa vizuri, na narudi kwenye kazi zangu.

Jioni ile ile walikubaliana kukata nusu ya shamba, upande wa bondeni. Mibuni ya juu ikabaki kama ilivyo, tuivune na kuuza kwa bei yoyote. Babu alikata, mimi nikavuta matawi, bibi akatufuata na jembe akipanda maharage kati ya visiki. Maharage yale mengine tuliyala, na mengine tukayapeleka Tunduma, mpakani, ambako wanunuzi wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya pili, waliyagombania.

Mnunuzi wa kahawa alikuja visiki vilipokuwa vimeshaanza kuzaa. Hakuna aliyekuwa ametuahidi kuja kwake. Alisimamisha gari, akataja bei, akataja Alhamisi, na Alhamisi akaja.

Babu anasema yeye ndiye aliyeiokoa kahawa ile. Bibi anasema ni yake, kwa kuwa visiki vilikula mbolea ya majani ya maharage yake. Wakibishana hivyo wananiita niamue, na mimi huwa nacheka tu.