Diski Nane za Kundi Moja

Saleha Athman, mzaliwa wa Mambrui, ndiye aliyetunza kompyuta za kituo kimoja cha eksirei na skani mjini Malindi. Picha zote za wagonjwa zilihifadhiwa katika mtambo wa diski uliokuwa katika chumba cha nyuma.

Uliponunuliwa mtambo mpya wa SSD nane, yaani diski za kielektroniki zisizozunguka, mwenye kituo, Bwana Alkesh, alimwachia yeye uamuzi wa kuzipanga. RAID 6, mpangilio unaogawa data na ziada ya kuikomboa kwenye diski zote, ingestahimili diski mbili kufa kwa pamoja, ila ingekula nafasi na kupunguza kasi. RAID 5 ingestahimili moja tu.

"SSD ikifa, mpya hujazwa data kutoka kwa zilizobaki kwa saa chache," Saleha alimwambia. "RAID 5 yatosha."

"Una hakika, Bi Saleha?"

"Nina hakika."

Lakini SSD huchakaa kwa kuandikwa, na zile nane zilitoka kiwandani kwa kundi moja, zikaandikwa sawasawa, zikazeeka pamoja. Mwaka wa nne, Jumanne asubuhi, moja ilikufa. Saleha akaingiza mpya, ikaanza kujazwa. Ilipofika asilimia sitini, ya pili ikafa, na picha zote za mtambo zikapotea. Nakala ya akiba ilikuwa imesimama miezi kumi na minne, na picha za tangu hapo hazikuwa kwingine. Alijua, akawa anaahirisha kuitengeneza.

Wiki iliyofuata alikuja Mbeyu, mkulima wa Jilore. Mwaka mmoja kabla, skani ilionyesha doa dogo kwenye pafu lake, na sasa daktari alitaka kulinganisha.

"Bila ile ya kwanza siwezi kusema kama limekua," daktari alisema. "Tusubiri miezi mitatu, tupige nyingine."

Saleha alimfuata Mbeyu nje. "Picha yako imepotea, mama. Mimi ndiye niliyezipanga zile diski."

Mbeyu alimuuliza, "Basi nirudi mwezi gani?"

Aliporudi, doa lilikuwa limekua maradufu. Hakumaliza mwaka.

Bwana Alkesh hakumfukuza Saleha, wala hakumkemea. Saleha alipanga upya diski kwa RAID 6, akachanganya za makundi mbalimbali, na nakala ya akiba akaikagua kila asubuhi. Usingizi haukurudi.

Alikwenda matangani Jilore. Kadii, dada wa marehemu, alimuuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Nafanya kazi kule alikopigwa picha."

"Ahsante kwa kuja," Kadii alisema, akamsogezea mkeka.

Saleha akaketi.